Siku Niliyoachiwa Pweza

Wanachuo tukirudi kutoka fildi kila mtu huja na stori yake. Kuna aliyetoa fotokopi miezi miwili mpaka anajua bei ya rimu ya karatasi kuliko muuza stesheneri. Kuna aliyetumwa chapati kila asubuhi. Kuna aliyekaa kwenye kiti cha wageni akichati mpaka logibuku ikajaa uongo. Yangu mimi ni ya siku moja tu, Alhamisi ya tarehe 8 Agosti 2024, sikukuu ya Nane Nane. Siku hiyo nilibakiza kubonyeza kitufe kimoja tu niitangazie mashine kwamba picha za mitaa kadhaa ya Temeke zimepotea, wakati hazijapotea.

Nilipangiwa ofisi ndogo maeneo ya Chang'ombe inayoshughulika na picha za droni na ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Kazi hii si ngeni Dar es Salaam. Mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walipita mtaa kwa mtaa wakichora nyumba, mitaro na vichochoro, na ramani zote zikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap. Ofisi yangu haikuwa sehemu ya mradi huo, ila kazi ilifanana: kurusha droni juu ya mabonde, kuunganisha picha, kisha kuwapelekea watu wa mtaa waone maji yanapita wapi.

Tatizo la picha za droni ni uzito. Mruko mmoja unarudi na mamia ya picha, na miaka ikipita zinakuwa mlima. Nilipofika, ofisi ilikuwa na terabaiti 7. Nikauliza swali ambalo na wewe ungeuliza: kwa nini zisipandishwe tu mtandaoni? Bosi wangu wa chumba cha seva, ambaye wote tulimwita Injinia, akacheka. "Dogo, terabaiti saba kwa bando gani?" Halafu akanikumbusha Jumapili ya tarehe 12 Mei mwaka ule ule, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika na nchi nzima ikabaki inazungusha duara kwenye simu. "Siku ile sisi tulifanya kazi kama kawaida, maana mzigo upo humu ndani."

Humu ndani ni chumba kimoja chenye kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na kompyuta tatu za mezani zilizogeuzwa seva. Walizipa majina ya mitaa: Keko, Mbagala na Tandika. Kila moja ina diski mbili za terabaiti 4, jumla diski sita zenye namba 0 mpaka 5. Ukiwa nje unaona kama ghala moja kubwa. Kinachoziunganisha ni programu huria inayoitwa Ceph. Ilianzia kwenye masomo ya udaktari ya Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Makala iliyoitambulisha ilitoka 2006 na yeye akamaliza tasnifu yake 2007. Leo hata CERN, kile kituo kikubwa cha fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wanaitumia. Jina lake limetokana na lile la kisayansi la jamii ya pweza na ngisi, na matoleo yake hufuata alfabeti kwa majina yanayohusiana na viumbe hao. Toleo letu lilikuwa la 2020, Octopus, yaani pweza mwenyewe. Kwa hiyo ofisi nzima ilisema "Pweza kalala", "Pweza kaamka", kama vile wanazungumzia yule wa supu ya jioni pale Magomeni.

Kwa wasiosoma mambo ya kompyuta nieleze kidogo, maana bila hapa hamtaelewa kwa nini nilitokwa jasho. Pweza anakata mafaili katika vipande vya megabaiti 4 na kuvisambaza kwenye diski zote. Kila kipande kinawekwa nakala zaidi ya moja, kila nakala kwenye kompyuta tofauti. Hakuna daftari linaloandika kwamba kipande hiki kipo diski ile. Kila anayehitaji kipande anapiga hesabu na kujua kilipo. Wapo pia wasimamizi, mmoja kwenye kila kompyuta, wanaokubaliana nani mzima na nani hayupo. Wakiwa watatu lazima wawili waafikiane, vinginevyo kazi inasimama. Wajumbe wa bunge letu la wanafunzi wanaijua hii: akidi isipotimia, hakuna kikao.

Kawaida ya Ceph ni nakala tatu. Sasa piga hesabu. Terabaiti 7 mara tatu ni 21, na diski zote kwa pamoja ni 24. Hiyo ni zaidi ya asilimia 87, na Pweza anaanza kulalamika diski ikifika asilimia 85. Ikifika 95 anakataa kuandika kabisa. Hela ya diski mpya haikuwepo. Kwa hiyo miezi kadhaa kabla sijafika waliamua nakala ziwe mbili. Uamuzi wa mtu mwenye njaa, na mimi simlaumu mtu. Nani kati yetu hajawahi kula mlo mmoja kusubiri bumu?

Wiki ya kwanza Injinia alinifundisha amri moja tu: `ceph -s`. "Hii ndiyo shikamoo yako kila asubuhi." Unaiandika kwenye ile skrini nyeusi, inakujibu hali ya klasta nzima. Ikisema HEALTH_OK unaendelea na maisha. Ikisema HEALTH_WARN, kuna onyo.

Nilipoandika mara ya kwanza ikajibu HEALTH_WARN. Nikashtuka, nikamwita.

"Kaka, kuna onyo hapa."

"Hilo? Liache. Ni saa tu."

Saa za kompyuta tatu zilikuwa zinapishana. Betri zile ndogo za ndani zilikuwa zimechoka, na Pweza hataki wasimamizi wapishane hata kwa sehemu 5 za mia za sekunde. Hakuna kilichoharibika. Onyo lilikuwepo tangu mwezi wa tatu. Nikalizoea na mimi. Kila asubuhi nilisoma mstari wa kwanza, nikaona WARN, nikajisemea "ni saa tu", nikafunga. Baada ya wiki tatu sikuwa nasoma tena mstari wa pili. Mpaka leo sijui zile diski zilianza kuumwa lini, maana hata kama Pweza alisema, alisema chini ya neno lile lile nililoshazoea kulipuuza.

Nane Nane Injinia alikuwa Morogoro kwenye maonesho na familia yake. Kesho yake, Ijumaa saa tatu asubuhi, kulikuwa na kikao na wakazi wa mtaa mmoja kando ya Mto Kizinga. Walitaka kuona picha za kabla na baada ya mvua kubwa za El Niño za mwisho wa 2023: nyumba zipi zilikuwepo, ukingo wa mto umesogea kiasi gani. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu, kuja ofisini nitoe ramani hizo na kuzipeleka kwenye kompyuta ya kuchapia. Nikaachiwa ufunguo. Nilifika saa mbili, nikamsalimia mzee mlinzi, nikaandika shikamoo yangu, nikaona WARN. Ni saa tu.

Saa tatu diski namba 3, ya Mbagala, ikaanza kugonga. Tak, tak, tak. Kisha kimya. Dakika kumi baadaye Pweza akaihesabu kuwa imetoka, akaanza mwenyewe kutengeneza upya nakala zilizokuwa humo. Hapa nilimpenda kwelikweli. Sikufanya kitu, yeye anajitibu. Ila mzigo ulikuwa zaidi ya terabaiti 2, na nyaya zetu ni zile za kawaida, kwa hiyo nikakadiria saa sita na kitu. Nikamtumia Injinia meseji. Haikufika. Nikanunua chai.

Saa tano na nusu umeme ukakatika, na baada ya dakika kama tano ukarudi kwa hasira. Taa zote ziliwaka kama jua halafu zikatulia. Keko na Mbagala zilishikiliwa na UPS zao. UPS ya Tandika ilikuwa ya maonesho tu, betri ilishakufa, kwa hiyo Tandika ilizimika umeme ulipoondoka tu. Uliporudi ikatoa mlio kama mtu anayevunja kijiti, na harufu ya kuungua.

Nikaandika `ceph -s`. Wasimamizi wawili kati ya watatu, akidi ipo. Lakini diski zilizo hai zilikuwa tatu tu kati ya sita. Pweza hupanga vipande vyote katika mafungu, na kwetu mafungu yalikuwa 128. Kumi na manne hayakuwa na nakala hata moja kamili inayofikika: moja ilikuwa kwenye diski 3 iliyokufa, nyingine kwenye Tandika iliyozimika, na Pweza alikuwa hajafikia kuyanakili upya. Na juu kabisa, unajua iliandikwa nini? HEALTH_WARN. Neno lile lile la saa.

Jambo moja nililifanya vizuri, na nalisema kwa kuwa mengine nitajisema vibaya. Nilihofia kwamba baada ya dakika kumi Pweza angeihesabu Tandika nayo kuwa imetoka, kisha angeanza kuujaza mzigo wake kwenye diski tatu zilizobaki. Nakala mbili ni terabaiti 14. Diski tatu ni terabaiti 12. Angejaza mpaka akwame. Nikaandika `ceph osd set noout`, maana yake: tulia, asiyeonekana usimfute kwenye daftari kwanza. Akatulia.

Kisha nikajaribu kufungua folda ya Kizinga. Ikaganda. Saa sita ikapita, saa saba. Simu ya Injinia haipatikani. Nikaanza kuona sura za watu wa kesho, na ripoti yangu ya fildi ikiwa na maneno mekundu. Nikaliuliza fungu moja kwa nini halifunguki, kwa amri ya `ceph pg query`. Likanimwagia kurasa za maandishi. Karibu na mwisho kulikuwa na sentensi ya msaada: kuwasha diski namba 4, au kutangaza kuwa imepotea, kunaweza kuturuhusu tuendelee.

Kuwasha, au kutangaza imepotea. Nikachagua la pili, kwa sababu hilo ningelifanya nikiwa nimekaa.

Nikaandika `ceph osd lost 4`. Nikabonyeza. Ikakataa. Ikaniuliza kama nina uhakika, kwamba hii inaweza kumaanisha upotevu wa kweli na wa kudumu, na kama nimekusudia kweli basi niongeze maneno `--yes-i-really-mean-it`. Yaani waliotengeneza programu hii ya watu wazima waliamua kumwekea mtu kiapo cha kitoto: ndiyo, kweli nimekusudia. Ukitaka kufuta ghala zima kiapo kinaongezeka "really" ya pili, na jina la ghala unaliandika mara mbili. Zamani niliona ni utani wa mainjinia.

Nilikuwa nimeshaandika mpaka `--yes-i-rea` mzee mlinzi alipochungulia mlangoni.

"Mbona hutoki kula, mjukuu wangu?"

Nikamwambia moja ya mashine imekufa.

"Imekufa au imezirai?"

Aisee. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa mbele ya skrini saa moja na nusu nikisoma habari za Tandika, na Tandika yenyewe ilikuwa hatua nne nyuma ya mgongo wangu. Nilichokijua ni kwamba haionekani. Kupotea nilikuwa nakizua mimi. Pweza hawezi kutofautisha kompyuta iliyoungua na kompyuta iliyochomolewa waya. Kwake zote ni kimya. Ndiyo maana anataka kiapo cha mtu, akidhani huyo mtu ameshanyanyuka kwenda kuangalia.

Nikafuta mstari. Nikanyanyuka.

Ilikuwa ni pawa saplai tu. Mzee alinishikia tochi ya simu, nikaifungua kompyuta ya dada wa mapokezi (dada, kama unasoma hapa, ni mimi), nikachomoa yake nikaipachika Tandika. Mikono ilitetemeka mpaka nikapoteza skrubu mbili. Saa tisa kasoro Tandika ikaguruma. Nikaandika shikamoo. Diski 4 ipo, diski 5 ipo. Yale mafungu 14 yakaanza kufunguka moja moja. Nikaondoa ile amri ya kutulia, uponyaji ukaendelea. Mzee akasema "Alhamdulillah", mimi nikakaa chini sakafuni.

Ningependa kuishia hapo, lakini logibuku hii sitaki iwe ya uongo.

Saa mbili usiku kazi ikafika karibu na mwisho, ikakwama. Vipande saba havikupatikana. Diski 4 nayo ilikuwa na sehemu mbovu ambazo hakuna aliyezigundua, na nakala ya pili ya vipande hivyo ilikuwa kwenye diski 3, ile iliyokufa asubuhi. Saba mara megabaiti 4 ni megabaiti 28 kati ya terabaiti 7. Kwa asilimia huwezi hata kuziandika vizuri. Injinia alirudi usiku huo huo. Tulijaribu diski 3 kwa kila namna, ikawa inagonga tu. Alfajiri akanisogezea kibodi, nikaandika mwenyewe amri ya kuvikatia tamaa vile vipande, `mark_unfound_lost delete`. Amri hiyo haina kiapo. Ilifuta hapo hapo bila kuniuliza.

Kikaoni ramani ya "kabla" ilikuwa na kiraka cheupe kando ya mto. Mama mmoja alikuja karibu na ukuta, akaweka kidole pale pale kwenye weupe.

"Nyumba yangu mbona haipo?"

Nyumba yenyewe ilishachukuliwa na maji. Alikuja aione kwenye picha, awaonyeshe na wengine kwamba ilikuwepo. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Picha ya hapo imeharibika kwetu, ni kosa letu." Akaitikia marahaba, akaniangalia kidogo, hakugomba. Bora angegomba. Akaomba kalamu. Majirani wawili wakasogea, wakabishana kuhusu mwembe ulikuwa upande gani, wakakubaliana, na mwisho ikachorwa nyumba ya vyumba vitatu kwa kalamu nyeusi juu ya weupe. Ramani hiyo ndiyo iliyobaki ofisini.

Jumatatu tulinunua betri tatu za saa. Bei yake haifikii nauli yangu ya wiki. Tukabadilisha, tukapatanisha saa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona HEALTH_OK. Injinia akapitisha sheria kwamba onyo lolote lisilale siku mbili, hata liwe dogo vipi, maana ukiliacha dogo likakaa, kubwa likija linavaa nguo zake. Diski mbili zikabadilishwa. Hela ya diski za kuongeza, ili nakala zirudi tatu, ilipatikana baadaye. Kabla ya kikao kile haikuwepo. Na nakala tatu zenyewe si bakapu, hilo nalo nililielewa kwa kuona: ukifuta, zinafutika zote tatu kwa pamoja. Kwa hiyo picha za Kizinga sasa zipo pia kwenye diski moja ya nje, kabatini, nje ya jengo hilo.

Sijaandika haya ili wote msome Ceph. Wengi wenu hamtakutana nayo, na mnaishi vizuri tu. Lakini najua wapo humu wenye projekti ya mwaka wa mwisho kwenye fleshi moja, ile inayotaka kuchomekwa kwa pembe ndiyo isome. Najua wapo wenye somo la kurudia tangu mwaka wa kwanza, wanaloliona kila wakifungua matokeo na kusema "hilo lipo siku zote". Na yupo rafiki ambaye tumesema amepotea, hashiki simu, na hakuna kati yetu aliyekwenda kugonga mlango wake pale hosteli.

Mimi mwenyewe baada ya fildi nilikwenda kugonga mlango mmoja kama huo. Alikuwepo. Alikuwa anaumwa tu.